Kumfuata Mtakatifu hadi Tarime

Ugomvi wetu ulianza kwa ajili ya Moroni. Kwetu Unguja, Moroni ni mji. Bibi mzaa mama alikuwa Mngazija, na alipolitaja jina hilo alikuwa akitaja bandari, misikiti ya mawe na mlima wa Karthala unaofuka moshi. Alitufundisha kwamba kwao moto huitwa moro, kwa hiyo Moroni ni kama kusema Motoni. Basi fikiria nilivyoshtuka, ndani ya kundi la WhatsApp la mijadala ya dini, kijana mmoja wa Tarime alipoandika kwamba Moroni ni malaika. Kwamba mwaka 1823 alimtokea mtoto wa mkulima katika jimbo la New York, jina lake Joseph Smith, akamwonyesha kilima cha Kumora yalikofukiwa mabamba ya dhahabu yenye habari za watu wa kale wa Marekani.

Moroni! Kumora! Nikaandika kwa herufi kubwa: HUYO BWANA ALISOMA RAMANI YA KOMORO.

Nilidhani nimemaliza kazi. Hazikupita dakika kumi akajibu, tena kwa adabu, kwamba hoja yangu ni ya zamani na watu wameshaijibu. Wakati wa Joseph Smith, Moroni ulikuwa mji mdogo usioonekana kwenye ramani nyingi. Jina la visiwa lilitoka kwa Waarabu, na kufanana kwa majina si undugu. Nikamjibu kwamba hata chapa ya kwanza ya Kitabu cha Mormoni, ya mwaka 1830, iliandika Camorah, kwa a. Akaniambia nimesoma vizuri, kisha akaniletea kurasa tatu. Tuliendelea usiku tatu mpaka bando likaniishia. Mwisho akaniandikia pembeni: “Mwalimu, likizo ya Juni njoo kwetu, tumalizane uso kwa uso.”

Sikuwa nimewahi kuvuka Dodoma.

Safari yenyewe nitaipitisha haraka, maana nusu yake nililala mdomo wazi. Boti hadi Dar es Salaam, basi la usiku hadi Mwanza, na asubuhi basi jingine la kwenda Sirari. Baada ya Lamadi nikaona nyani wamekaa kando ya lami kama abiria waliokosa gari. Tulipita Bunda, tukavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, chini yake mafunjo hayana mwisho, kisha gari likaanza kupanda. Hapo ndipo baridi iliponipokea. Kwetu mtu akivaa koti ama anakwenda harusini ama ana homa. Tarime kondakta ana koti, muuza karanga ana koti, na mbuzi wenyewe wana manyoya yaliyosimama. Mimi nilikuwa na kanzu moja, mashati mawili na kandambili.

Mwenyeji wangu alinisubiri stendi, shati jeupe na tai, amekaa nyuma ya bodaboda. Vijana wa pikipiki walikuwa wakimwita “Mzee! Mzee!” huku wakicheka. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba kwenye kanisa lake vijana wa kiume wakienda kueneza injili huitwa Mzee, hata kama wana miaka kumi na tisa. Naye alitumikia miaka miwili Kenya, akarudi na jina hilo. Sasa, Tarime ndipo mahali pa mwisho duniani pa kumwita kijana mzee. Mkurya aliyetahiriwa ni mura, na uzee anaupanda ngazi kwa ngazi, kwa rika, kwa ndoa, kwa watoto kutahiriwa. Mtu haupewi kwa beji ya plastiki kifuani. “Walicheka mwaka mzima,” alisema. “Sasa wamezoea.”

Jambo la pili aliloniambia, kabla hatujafika nyumbani, ni kwamba nisimwite Mmormoni. Tangu mwaka 2018 rais wa kanisa lao aliwataka watumie jina kamili: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Nikamwambia kwa pumzi ya mtu aliyetoka pwani, akiwa juu ya bodaboda mlimani, jina hilo ni refu. Basi nikawa namwita Mtakatifu, naye akakubali kwa kucheka.

Nyumba yao imezungukwa na migomba na mibuni. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, akaleta chupa ya chai ya maziwa. Nikamiminiwa mimi, akamiminiwa bibi wa nyumba hiyo, Mtakatifu akaletewa maji ya moto yenye maziwa. Chai hanywi. Kahawa hanywi. Pombe na tumbaku ndiyo kabisa. Pombe niliielewa, hiyo hata mimi sinywi, lakini kahawa! Kwetu baraza bila kahawa chungu ni kikao cha polisi. Na mbaya zaidi, kahawa ilikuwa imeanikwa pale pale uani, na jioni nilimwona akiigeuza kwa mikono yake ili isipate unyevu.

“Huoni haya kuuza usichokunywa?” nilimchokoza.

“Kwenu mahoteli ya pwani yanauza bia,” alisema, akaendelea kugeuza.

Hilo lilikuwa goli lake la kwanza.

Usiku ule nilimwona kazini. Nyuma ya zizi kuna jiwe kubwa, na juu ya jiwe hilo tu ndipo mtandao unapokamata. Mtakatifu hujifunga shuka, akapanda na simu na betri ya akiba, na kuanzia saa tatu anapambana. Usiku huo alikuwa na Mpentekoste wa Mwanza upande mmoja na Mkenya aliyelihama kanisa hilo upande wa pili. Huyu Mkenya ndiye aliyekuwa hatari, kwa sababu alijua chumba kwa chumba nyumba aliyoitoka. Aliuliza habari za mafunjo ya Misri ambayo Joseph Smith aliyanunua mwaka 1835 na kusema yamebeba maandiko ya Ibrahimu. Vipande vyake vilikutwa kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, vikarudishwa kwa kanisa mwaka 1967, na wataalamu wa Misri waliovisoma wakasema ni maandishi ya maziko ya kawaida. Mtakatifu alijibu kwamba vipande vilivyobaki si mafunjo yote. Mkenya akataka kujua basi mengine yako wapi. Ikaendelea hivyo mpaka vidole vikafa ganzi.

Mimi nimelelewa kwenye mihadhara. Ni mtoto wa miaka ile ambayo kitabu cha Ngariba Fundi na Kawemba, *Uislamu katika Biblia*, kilipita mkono hadi mkono, na wahubiri wa mlinganisho wa dini walijaza viwanja, Biblia mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili. Najua ladha ya hoja inayoangusha mtu mbele ya umati. Lakini kule palikuwa na umati, na mshindi alibebwa juu juu. Hapa palikuwa na jiwe, nyota, ng’ombe wanaocheua, na kijana mmoja anayewajibu watu asiowaona. Kijijini kwao, alinieleza, mtu wa imani yake ni yeye peke yake.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba utetezi huu una wasomi wake, na wasomi hao wenyewe hawaelewani. Mtakatifu anasoma kozi za chuo kwa njia ya mtandao, kwenye mpango uitwao BYU-Pathway, na habari hizi anazo kama shabiki wa Simba alivyo na majina ya wachezaji. Mzee wao mkubwa alikuwa Hugh Nibley, profesa wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, aliyeishi hadi 2005 na kuandika juu ya Lehi, nabii wa kitabu chao, kama msafiri wa jangwa la Arabuni. Mwaka 1979 mwanasheria John Welch alianzisha taasisi ya utafiti, FARMS, iliyokuja kuingizwa ndani ya chuo hicho 1997. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walitaka jarida liendelee kuwajibu wapinzani bila kuwaonea haya; wengine walitaka kuzungumza na wasomi wa dunia kwa lugha ya wasomi wa dunia. Mwaka 2012 mhariri Daniel Peterson akaondolewa, na mwaka huo huo yeye na wenzake wakaanzisha jarida lao, *Interpreter*.

“Kwa hiyo chuo chenu kiliwafukuza watetezi wenu?” niliuliza.

“Hawakufukuzwa. Walihamishwa kibarazani.”

Nikacheka peke yangu gizani. Kwetu pia walikuwako masheikh waliokunja uso kila kipaza sauti cha mhadhara kilipowashwa.

Kabla ya kulala alinitolea hoja aliyoniwekea mimi hasa. Lehi na jamaa zake, wanasema, waliondoka Yerusalemu miaka 600 kabla ya Kristo, wakashuka Arabuni, wakamzika mtu mahali paitwapo Nahomu, wakageukia mashariki hadi pwani yenye matunda, na huko wakaunda merikebu. Na kule Yemen, kwenye hekalu la kale karibu na Marib, zimechimbuliwa madhabahu zenye jina la kabila, limeandikwa N-H-M. Pwani yenye matunda, watetezi wengi wanasema, ni Dhofar.

Dhofar! Nina mjomba Salalah. Huko ndiko unakotoka ubani tunaofukizia nguo. Nilikaa kitako. Yaani babu wa Wamarekani wa kale alipitia kwa mjomba wangu? Lakini mwalimu ni mwalimu. Nikamwambia bibi yangu alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwa herufi zile neno kuku na neno koko huandikwa sawasawa. Sasa herufi tatu zisizo na irabu zinaweza kusomwa vingapi? Na hao jamaa walitoka Dhofar kwenda Marekani kwa pepo gani, kusi au kaskazi? Alifikiri sana. “Hilo la pepo,” alisema, “hajaniuliza mtu bado.” Akaliandika kwenye daftari.

Siku ya pili alinipeleka kwa wazee wa ukoo, nikisalimie kijiji. Tulikaa chini ya mti, mimi nimeazimwa koti la mjomba wake. Nilitegemea kusikia mjadala. Niliposema kwamba tumekuja kuzungumza habari za dini ya huyu kijana, mzee mmoja mwenye fimbo ya mpingo alisafisha koo, nikajua sasa tunaingia Yemen. Akauliza: “Akifa, nani atamzika?”

Hakuna madhabahu, hakuna mafunjo. Nani atamzika, na watu watakaokuja msibani watapewa nini ikiwa nyumba haina pombe? Mtakatifu alijibu kwamba familia itamzika, na msibani utapikwa uji na nyama. Nyama iliwaridhisha. Uji waliunyamazia.

Mzee mwingine alikuwa amesikia kwamba mwanzilishi wa kanisa hilo alikuwa na wake wengi. Wangapi? Nilimtazama mwenyeji wangu kwa makini, maana swali hili ndilo linalowachoma wenzake mtandaoni. Alijibu bila kupepesa: kanisa lenyewe lilichapisha mwaka 2014 kwamba wanakadiriwa kati ya thelathini na arobaini.

“Ng’ombe alitoa wapi?”

Hakutoa ng’ombe, alisema Mtakatifu. Pakazuka minong’ono. Wake arobaini haikuwashtua hata kidogo. Wake arobaini bila ng’ombe hata mmoja ndiyo kashfa. Na walipoelezwa kwamba mwaka 1890 rais wa kanisa alitangaza mwisho wa ndoa hizo mpya kwa kubanwa na serikali ya Marekani, mzee wa fimbo alitikisa kichwa kwa huruma. Serikali, alisema, ni ile ile kila mahali.

Tukirudi njiani nilimuuliza la kwangu, ambalo wazee hawakuuliza. Watu weusi. Kuanzia 1852 kanisa lake lilitangaza kwamba mwanamume mwenye asili ya Afrika hapewi ukuhani, na ikawa hivyo hadi Juni 1978. Huyu kijana anayetetea usiku kucha kwa bando lake mwenyewe, babu yake asingeruhusiwa. Alitembea kimya mpaka tukavuka kijito. Akaniambia kwamba mwaka 2013 kanisa lilizikana nadharia zote zilizotumika kuhalalisha jambo hilo, na kwamba kulikuwa na mtu mweusi, Elijah Abel, aliyepewa ukuhani mapema, 1836, kabla ya katazo. Kisha akasema: “Kwenye mtandao jibu ni hilo. Mimi mwenyewe nina jibu la kunilaza usingizi tu.” Sikumsukuma zaidi, na ingawa kwenye mhadhara hiyo ingehesabiwa pointi yangu, sikuiandika.

Siku ya tatu tulipanda Noah kwenda Serengeti. Wilaya, si mbuga. Kosa la kwanza la mgeni ni kudhani Serengeti ni wanyama watupu, kumbe kuna mahakama, stendi na foleni ya benki. Tulipita Nyamongo, ambako mabaki ya mgodi wa dhahabu wa North Mara yamelundikwa yakawa vilima vipya. “Mabamba yangu yalikuwa ya dhahabu,” Mtakatifu alinong’ona, “ila hakuna aliyeyapiga mnada.” Tukavuka tena Mto Mara, rangi ya chai ya maziwa, tukaingia Mugumu mchana.

Mugumu ilinifundisha kwamba mwenyeji wangu si wa kwanza huku kuletewa imani kutoka Marekani. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934 kutoka Pennsylvania, na leo kanisa lao ni la kienyeji kama mti wa mkuyu. Kati ya watu waliofanya kazi nao hapa ni Jan Bender Shetler, mwanahistoria aliyekusanya simulizi za makabila ya eneo hili na kuzitoa kitabuni. Simulizi zenyewe ni tamu: Wanata husema mtu wao wa kwanza alikuwa mwindaji, akakutana na mwanamke mkulima, na nyumba ikaanza. Msomi hapo haulizi kama mwindaji huyo alikuwako kweli. Anauliza simulizi inatunza nini: nani mwenye maji, nani mwenye moto. Mtakatifu aliposikia hayo alisema kwamba huko kwao pia wapo wa namna hiyo, na akamtaja Richard Bushman, muumini aliyeandika maisha ya Joseph Smith, kitabu cha mwaka 2005, ambacho hata wasioamini wanakisoma. “Lakini,” alisema, “ukiwa peke yako kijijini huwezi kujibu kwa swali la ‘inatunza nini’. Wanataka ndiyo au hapana.”

Jioni tulifika Robanda, kijiji cha Waikoma ukingoni mwa mbuga. Na hapo, nje ya uzio wa shule, bila tiketi wala geti, nikawaona punda milia wanane. Nilipiga kelele kama mtoto. Walikuwa wanene, wamepigwa pasi, na hakuna aliyewashangaa ila mimi. Mtakatifu aliacha nimalize kupiga picha. Nikageuka, nikamwona anatabasamu, nikajua nimeingia mtegoni.

“Mwalimu, ulinicheka kwamba Kitabu cha Mormoni kinataja farasi Marekani kabla ya Wazungu kuwapeleka.”

“Nilikucheka, na nitakucheka.”

“Hawa ni nini?”

“Punda milia.”

“Ni punda?”

Nikanyamaza.

“Nyinyi watu wa pwani mmekuja na neno moja, mkakuta mnyama mwingine, mkambandika. Na bata mzinga? Ni bata? Huyo katoka Marekani yenyewe. Basi akija msomi baada ya miaka elfu mbili, akasoma kwamba Waswahili walifuga bata wa kilo kumi, atawaita waongo?”

Nakiri nilicheka mpaka nikashika uzio. Watetezi wao hutoa hoja hiyo kwa mnyama aitwaye tapiri, ambaye mimi sijamwona na wewe hujamwona. Yeye ameihamishia Robanda na ikasimama kwa miguu minne. Ilinichukua mpaka baada ya ugali kupata jibu: punda milia ninaye hapa, mkia na masikio, ndiyo maana najua neno limehama. Mnyama wako yuko wapi, huyo unayemtaja pamoja na magari ya kukokotwa? Akasema, “Hapo umenibana.” Akaongeza kwamba bado hajashindwa.

Mzee aliyetulaza alikuwa akisikiliza. Waikoma wana jozi ya pembe za ndovu, Machaba, ambazo simulizi zao zinaziunganisha na nabii wa Kitatoga, na zimetunzwa vizazi na vizazi. Mtakatifu alimweleza habari za mabamba: kwamba yalikuwako, kwamba mashahidi kumi na mmoja walitia saini kuwa waliyaona, kisha malaika akayachukua. Alieleza kwa kirefu, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kukatizwa. Mzee hakumkatiza. Mwishoni nikamuuliza mimi, kwa tamaa ya mgeni, kama pembe zao zinaweza kuonekana.

“Zipo,” alisema, akaongeza kuni.

Nilisubiri sentensi ya pili. Haikuja. Mtakatifu alimtazama yule mzee kwa macho ambayo sikuyaelewa mpaka kesho yake ndani ya Noah, aliponiambia, bila mimi kumuuliza, kwamba angetoa simu yake ili aweze kusema neno lile namna ile.

Usiku wa mwisho Tarime hakupanda kwenye jiwe. Alitandaza fomu mezani. Anataka kwenda hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025, na huko Watakatifu hubatizwa kwa niaba ya jamaa zao waliokufa. Kwa hiyo lazima ajaze ukoo: baba, mama, babu, bibi, vizazi vinne. Nikajua sasa Mkurya atashinda, maana huku mtoto mdogo anataja ukoo wake kama anavyohesabu vidole. Lakini kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye mstari wa pili.

Bibi yake hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi ya hapa akatoa ng’ombe, akaoa mke: nyumba ntobhu. Mke huyo ndiye mama wa Mtakatifu. Kwa hesabu ya nyumba, mama ni mkamwana, ameolewa kwa ajili ya mtoto wa kiume ambaye bibi hakumzaa. Mwanamume aliyemzaa Mtakatifu anajulikana, wala si mwana wa nyumba hii. Fomu inasema: Jina la Baba.

“Hili hakuna aliyewahi kuniuliza mtandaoni,” alisema.

Bibi alikuwa amekaa karibu na moto, shuka mabegani. Akatafsiriwa. Akasema iandikwe nyumba yake. Mjukuu akamwambia fomu haina mahali pa nyumba. Bibi akasema basi fomu hiyo imeandikwa na mtu asiye na nyumba, na akaacha hapo. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza jambo, na mama akanitafsiria: je, mgeni anawajua wake?

Nikaona ni jambo jepesi. Nikataja jina la baba. Bibi akakunja kidole gumba. Nikataja babu, akakunja cha pili. Baba wa babu, cha tatu. Upande wa mama nikamtaja bibi Mngazija, cha nne. Nikasita. Nikasema mama yake bibi alitoka Moroni.

“Moroni ni jina la mtu?” mama alitafsiri.

Mtakatifu aliinua uso kutoka kwenye fomu, akaniangalia. Kidole cha tano cha bibi kilibaki kimenyooka mbele ya moto, kikisubiri.